Pesa Iliyolala Benki

Pasiansi, Jumamosi mchana

Mwanangu Masalu,

Sikuulizi hali. Asubuhi tumekunywa chai pamoja, nikakusindikiza mpaka barabarani upande gari la Busisi, ukamuage mjomba wako Kulwa ng'ambo. Utarudi jioni. Kesho alfajiri utapanda basi la Nairobi, na kutoka hapo ni ndege mpaka Bangkok kwa mke wako. Kwa hiyo nina mchana huu mmoja tu. Nimefunika cherehani, nimewaambia wateja waje Jumatatu, nimekaa mezani na karatasi zako za daftari ulizobakiza.

Mambo ya safari sitayaandika. Pasipoti unajua ulipoiweka. Kula vizuri, kulala mapema, kusali, hayo yote nilikwisha kuyasema ukiwa mdogo na yaliyoingia yameingia. Naandika kwa sababu ya Jumapili iliyopita.

Ulisimama mbele ya watu wa kanisa waliokuja kukuaga, sahani bado iko mkononi, ukasema: "Mama yangu ameuza nyumba aliyoachiwa na baba ili mimi nirudi kwa mke wangu na mtoto wangu. Mama, ahsante." Watu wakapiga makofi. Mke wa mchungaji akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Mimi nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu. Baba, haikuwa unyenyekevu. Nilikuwa natafuta pa kuyaweka macho yangu.

Nitaanza mbali kidogo, ili usije ukasema nimeruka kitu.

Baba yako alipopunguzwa kazi kiwandani, walipewa karatasi na mafao ya kununulia baiskeli na mabati machache, basi. Miaka yote alikuwa amesimama kwenye mashine ya kusokota nyuzi, na ghafla mjini hakuna aliyetaka kitambaa chetu tena, watu wanataka nguo za Bangkok. Wewe ndiye uliyesema, kama ni hivyo basi nizifuate hukohuko. Nilikupinga. Baba yako akasema muache kijana aende. Ukaenda mara ya kwanza na mabegi matupu, ukarudi na suruali na blauzi zilizokwisha kwa wiki moja. Safari ya tatu hukurudi. Ikaja barua na picha: wewe na msichana mwembamba mwenye nywele za kulala, mmesimama mbele ya meza ya nguo sokoni. Umeandika anaitwa Malee, ni muuza nguo, mmeoana, na wewe sasa unawachagulia bidhaa wafanyabiashara wanaotoka huku na kupata chako hapo.

Nilimwambia baba yako, "Mwanao ameoa mtoto wa shule."

Akaitazama ile picha, akacheka. "Wewe ulikuwa mdogo kuliko huyo nilipokuleta Mwanza."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kumsikia akicheka vile. Hukuwahi mazishi yake, ulifika siku ya kumaliza matanga. Sikulaumu, wala leo silaumu. Nakumbuka ulivyokaa na mimi barazani jioni ile, kule Mkolani, mbele ya boma la nyumba aliloliacha likiwa usawa wa linta, halina paa, nyasi zimeota ndani. Tulikuwa bado tunaishi kwenye kile kibanda cha nyuma. Nikakuuliza unaishije kule ugenini. Ukanieleza.

"Mama, kule mgeni aliyeoa hakai hivihivi. Kila mwaka lazima niende Uhamiaji na kitabu cha benki. Waone kiasi wanachotaka kipo, kwa jina langu, na waone kimekaa miezi kadhaa bila kuguswa. Ndipo wananiongezea mwaka mwingine wa kukaa na mke wangu."

"Kimekaa kinafanya nini?"

"Kimekaa tu."

"Hununui mzigo nacho? Hukopeshi mtu?"

"Hapana, mama. Kinalala."

Nilicheka, siku ileile ya matanga. Nilidhani ni mchezo wa serikali za watu, mambo ya karatasi. Mimi nimekua nikijua pesa ni kama ng'ombe, ikifungiwa zizini bila kutoka inakonda. Sikukuelewa. Nakuandikia sasa kwamba sikukuelewa, ingawa ulieleza vizuri na kwa Kiswahili changu mwenyewe. Pesa ile ilikuwa ikifanya kazi kuliko pesa zote nilizowahi kuzishika. Ilikuwa imemshikilia mume karibu na mkewe.

Miezi ile sangara alikuwa dhahabu. Unakumbuka malori ya viwanda vya samaki yalivyokuwa yakipanga foleni mwaloni, pale ufukweni samaki wanaposhushwa, na watu walivyokuwa wakijenga. Mjomba wako Kulwa alikuwa na mtumbwi, hana injini. Yeye ni pacha wangu, tulitoka tumbo moja saa moja, na akili yake naijua kama yangu. Akaniambia angepata injini na barafu angefuata samaki visiwani mwenyewe badala ya kuwangoja ufukweni. Nikakumbuka ile pesa yako iliyolala.

Nilikupigia simu. Nilikwambia nikopeshe, nitairudisha kabla ya mwezi wa kumi na moja, itakuwa imekaa vya kutosha utakapoitwa Uhamiaji. Ukasema, "Mama, hiyo pesa si yangu peke yangu. Nimeichanga na Malee." Nikakujibu, "Na mimi si mama yako?" Neno hilo nililisema mimi. Usijisingizie kwamba ulikuwa mjinga kukubali. Nilikufungia mlango, ukabaki na njia moja.

Pesa ikaja kwa mkono wa mfanyabiashara mmoja wa nguo. Kulwa akanunua injini. Kazi ikaenda. Miezi mitatu ya kwanza mjomba wako hakuniibia hata senti, na hapa naomba usome polepole. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi alikuja Mkolani na bahasha, akaiweka mkekani.

"Doto," akasema, "hii ni zaidi ya nusu ya pesa ya mtoto. Irudishe kwanza. Iliyobaki tutaimaliza kabla mwezi haujaisha, samaki wapo."

Nikamwambia, "Nitaipeleka kesho."

Sikuipeleka.

Wiki ile pale kanisani wifi yangu mmoja alisema, na mimi nasikia, kwamba marehemu kaacha mjane asiyejua kumalizia hata ukuta. Vuli ilikuwa inakuja. Nililitazama lile boma, nikaitazama ile bahasha. Nikajiambia pesa ya mwezi huu nitaezekea, ya mwezi ujao ndiyo ya Masalu, kwani tofauti iko wapi? Nikanunua mabati, mbao, milango miwili na fremu za madirisha. Mafundi walipokuwa wakipiga misumari nilisimama barabarani ili watu wapite wanione. Mwanangu, nilikuwa na furaha. Siwezi kukudanganya kwamba moyo ulinisuta. Haukunisuta hata kidogo.

Kisha viwanda vikaacha kununua. Habari ikaenea kwamba Wazungu wamewakataa samaki wetu, na malori hayakuja. Kulwa alikuwa ametoka visiwani na mtumbwi umejaa. Samaki wakavimba kwenye barafu iliyoyeyuka, akawagawa bure, wengine akawafukia. Injini aliiuza kwa bei ya kutupa ili awalipe wavuvi aliowakopa. Mwezi wa kumi na moja ukaingia, mimi nina nyumba yenye paa na sina cha kukutumia.

Ulipopiga simu kuuliza, nilikuwa nimekwisha kupanga la kusema. Nilikwambia mtumbwi wa Kulwa umepinduka, injini imezama, na pesa yote aliyokuwa akija nayo imezama.

Mtumbwi haukupinduka. Hakuna kilichozama.

Nilimfuata mjomba wako siku ya pili yake nikamweleza nilichosema. Alikuwa anashona wavu. Aliuweka chini.

"Unataka niwe mzembe niliyempotezea mtoto pesa yake?"

"Ni ajali tu, Kulwa. Ziwa halina wa kulishtaki."

"Nilikuletea bahasha, Doto."

"Najua."

Akauokota wavu, akaanza tena kushona. Akasema, "Nitanyamaza kwa sababu ni wewe. Lakini uongo huo sitausema kwa kinywa changu. Akiniuliza, sitajibu."

Na ndivyo alivyofanya. Yaliyokupata wewe kule ulinisimulia mwenyewe uliporudi. Shemeji yako, kaka wa Malee, alikuazima pesa ukaiweka benki siku tatu kabla ya kwenda Uhamiaji. Afisa akafungua kitabu, akaweka kidole kwenye tarehe, akakuuliza miezi yote pesa ilikuwa wapi. Ukasema iko kwa mama yako. Ulisema ukweli, akakufungia kitabu. Ukapewa siku chache za kuondoka. Malee alikuwa na mimba ya miezi saba, na mama yake kitandani hajiwezi, hata wazo la kuja naye huku halikuwepo.

Ulinisimulia hayo ukiwa umekaa sebuleni Mkolani. Nje mvua inanyesha. Ukainua macho juu ukasema, "Angalau hapa umejitahidi, mama. Paa zuri." Ulilala chini ya mabati yale miaka miwili na nusu, baba. Kila mvua ilipopiga juu yake nilikuwa naamka.

Wiki ile ulimfuata mjomba wako mwaloni. Waliokuwepo waliniambia. Ulimwambia, "Mjomba, umenitenga na mke wangu." Yeye akatazama chini. Ukaondoka, na tangu siku hiyo hukumwamkia. Mtu mzima yule, mvi kichwani, umepishana naye msibani, harusini, umempita bila shikamoo, na watoto wadogo wanaona. Ilimuuma mpaka akahama, akaenda kulima Sengerema. Watu walidhani amefuata mashamba.

Leo nimekusukuma uende kumuaga. Ulisema njiani, "Haya mama, nitamsamehe, yaishe." Niliitikia kwa kichwa kama mtu mwenye hekima. Umevuka kivuko kwenda kumsamehe mtu ambaye hakukukosea, na naamini atakupokea, atakuchinjia kuku, na atakubali msamaha wako bila kusema neno. Ndiyo maana sikuweza kuendelea kushona.

Liko jingine usilolijua. Mwaka wa kwanza uliporudi, siku moja uko kazini kwako kwenye mizani ya samaki, viwanda vimeanza tena, mwenye duka la jirani alikuja mbio: simu kutoka nje. Nikaenda. Alikuwa Malee. Hajui Kiswahili, mimi sijui cha kwao wala Kiingereza. Alisema "Masalu", nikasema "Masalu kazini", akasema "Masalu" tena. Kisha akasema "Mama". Nikaitika. Halafu nadhani aliisogeza simu kwa mtoto, maana nilisikia mtoto analia, kilio kile cha mtoto aliyeshiba anayetaka usingizi, nakijua. Tulikaa hivyo. Yeye analipia dakika kwa pesa ya kuuza nguo, na mimi nasikiliza mjukuu wangu akilia mpaka akanyamaza. Mwenye duka akaniuliza, "Anasemaje?" Nikamwambia anasalimia.

Sikukwambia kwamba alipiga. Niliogopa ungeniuliza alisema nini, na ukweli ungeniponyoka. Na jina mlilompa yule mtoto ni langu la ubatizo, Yunis. Uliponiletea barua yenye jina hilo ulidhani nimelia kwa furaha.

Umefanya kazi miaka hii ukivaa mashati mawili. Nilikuona. Kila ulipopata mshahara uliupeleka benki kabla ya kufika nyumbani, na mimi niliyekuwa nikikuhimiza hivyo ndiye niliyekufikisha hapo. Mwaka huu ulipopiga hesabu ukaona bado pengo ni kubwa, ukasema labda miaka miwili mingine. Miwili! Mtoto anakaribia mitatu. Ndipo nikauza nyumba. Nilikwambia mjane hana haja ya vyumba vinne, bora nipange huku Pasiansi karibu na wateja. Ukabisha sana. Ukasema, "Mama, hiyo ni jasho la baba."

Kuta zilikuwa jasho la baba yako. Paa, milango na madirisha vilikuwa vyako wewe na Malee. Kwa hiyo sikukupa kitu. Nilichelewa kukurudishia, na bei niliyopata haijafikia nilichochukua, ukiacha miaka ambayo hakuna anayeiuza.

Nimejiuliza sana kwa nini niliweza. Mimi ni mtu ninayerudisha vitu. Mhindi wa vitambaa ananikopesha jora zima kwa neno tu. Kama pesa ile ingekuwa yake, mwezi wa kumi ningeipeleka mbio, na wifi yangu angesema atakavyo. Niliiona yako ni nyepesi kwa sababu wewe ni wangu. Nilijua hutanipeleka popote, hutanitukana, utangoja. Watu wetu wa karibu ndio tunaowafanyia hivyo, tunawaweka mwisho wa foleni kwa sababu tunajua hawataondoka. Nimeliona hilo nikiwa nimekwisha kuharibu. Ukiona siku moja Malee anangoja jambo kwako kwa upole sana, mhudumie yeye kwanza.

Nilikuwa nimepanga niifiche barua hii sandukuni, katikati ya nguo, uisome ukiwa umefika. Nimebadili. Huko ungekasirika peke yako, na mimi ningekuwa huku nimekwepa. Nitakupa mkononi ukiingia tu jioni, kabla ya chakula. Ukitaka kupaza sauti, paza, majirani watasikia na wasikie. Ukitaka kulala kwa rafiki yako usiku huu, lala, nitakuletea sanduku stendi. Lakini mwandikie mjomba wako kabla hujapanda ndege. Pale Nairobi kuna muda. Anza na shikamoo, zile za miaka mitatu zote. Mimi Jumatatu nitavuka kwenda kwake. Halafu nitakwenda kwa mchungaji niwaambie waliopiga makofi. Sijui nitaanzaje, nitaanza tu.

Malee naye mwambie. Usimwambie kwamba ni ajali ya ziwani. Mwambie mama yako aliezekea nyumba. Akikataa kunisalimia tena, mwache. Ana haki.

Sasa pesa hiyo itaingia tena kwenye kitabu chako, na kila mwaka itabidi ilale vilevile. Nakujua mwanangu. Una moyo wa baba yako. Nikikuandikia kwamba naumwa, utaitoa. Nikikupigia nikalia, utaitoa kabla sijamaliza. Usiitoe. Nikiomba, nikisema ni ya wiki moja tu, nikikuuliza tena kama mimi si mama yako, nijibu kwamba ndiwe na usiitoe. Ukiwa na ya pembeni, hata shilingi mia, nitaipokea kwa mikono miwili. Ile acha.

Na siku ukipata habari kwamba nimekufa, ukatafuta nauli ya kuja, ukaikosa kote isipokuwa benki pale, usiiguse. Kulwa yupo, atanizika. Wewe asubuhi hiyo amka kama kawaida, mvalishe Yunis sare, mshike mkono, mpeleke shule.

Mama yako,
Doto